Niangalizie Duka

Jirani yangu, yule tunayepakana ukuta, ni mpiga picha. Haya yaliyompata sikuyaokota saluni. Alinisimulia mwenyewe, asubuhi aliyonigongea mlango akiwa kakumbatia sweta la mwanawe.

Siku yenyewe, jamani, ilianza vizuri tu. Kampuni moja ya kalenda ilitaka picha za maduka ya zamani katika mji mdogo wa jirani, yale yenye milango ya mbao na majina yaliyoandikwa kwa brashi, kabla hayajabomolewa kupisha barabara. Mtoto akamwacha kwa bibi yake. Alikuwa ndio kwanza anaanza kuongea, lakini ziwa hajaliacha, na bila ziwa halali. Atalia mpaka sauti ikauke. "Nitarudi kabla jua halijazama," mpiga picha alimwambia mama yake.

Mdogo wake wa kike akajibandika kwenye safari. Huyu alikuwa fundi cherehani, mcheshi, mdomo haupoi. Alikuwa na tabia moja iliyomkera dada yake: akishona, uzi hakati kwa mkasi, anaung'ata kwa meno.

"Utabaki kibogoyo wewe," dada alimwambia.

"Basi nitang'ata kwa ufizi," akajibu.

Kupiga picha duka lenye kioo kuna adha yake. Unalenga duka, kioo kinakurudishia sura yako mwenyewe. Kwa hiyo mdogo mtu alisimama nyuma ya kamera kanyanyua kitambaa kikubwa cheusi, ili kioo kisiwe na cha kurudisha na ndani kuonekane. Wakapiga duka la viatu, la saa, la kinyozi, huku wanacheka njia nzima.

La mwisho lilikuwa la vifungo na nyuzi, limejibana katikati ya maghala mawili yaliyofungwa. Mdogo mtu alipoona chupa za vifungo dirishani, akashika kifua.

"Dada, hapa hunitoi leo!"

"Kaniletee maji kwanza, koo limenikauka."

Akaenda. Dada akaiacha kamera kwenye stendi yake, akaingia kuomba ruhusa, maana huwezi kumpiga mtu picha ya duka lake hata salamu hujampa. Nyuma ya kaunta alikaa mama mmoja mtu mzima. Nguo zake zilikuwa safi, ila za mtindo wa zamani kweli kweli.

"Shikamoo, mama. Naomba kupiga picha duka lako kwa nje."

"Marahaba, mwanangu." Alinong'ona, sauti inakwaruza. "Piga tu. Ila niangalizie duka. Naenda hapo tu, nakuja sasa hivi."

Nani kati yetu hajawahi kuombwa hivyo? Hata hukai ukafikiri. "Haya, mama," akasema.

Yule mama akafika kizingitini, akasita. Akatoa mguu mmoja nje, polepole, kama anayepima maji ya kuoga. Ulipokanyaga chini akaanza kulia. Kisha akaondoka mbio mbio na hakugeuka nyuma.

Mpiga picha akasubiri. Jua la dirishani likahama kutoka sakafuni likapanda kwenye kaunta. Kifua kikaanza kumvuta, maana saa ya kunyonyesha ilikuwa imefika. Akaona huyu mama kamfanya mjinga, kheri aende zake.

Akavuka kizingiti. Akajikuta anaingia. Kaunta ile ile mbele yake, mlango mgongoni.

Akacheka kidogo, akasema ni uchovu. Akatoka tena. Akaingia. Akatoka kinyumenyume. Akaingia. Akakimbia, akajigonga nyonga kwenye kaunta mpaka akapiga ukelele.

Simu haikuwa na mtandao. Mlango wa nyuma haukuwepo. Nyuma ya kaunta, ukutani, kulikuwa na misumari, na karibu kila msumari umetundikwa kitu: koti la mwanamume, mkoba wa ngozi uliokunjamana, kofia, mwavuli wa mtindo ambao hata bibi yake hakuufahamu. Vitu vya watu walioingia mara moja tu. Msumari mmoja ulikuwa mtupu.

Hapo mdogo wake akarudi na maji. Dada alimwona waziwazi kupitia kioo. Alimwona anaita, mdomo unafunguka, lakini sauti haingii. Mdogo mtu akaja akabandika uso kiooni, viganja vimekinga macho. Walitazamana pua kwa pua. Yale macho yakampita.

Akapiga kioo kwa ngumi. Kioo hakikutikisika. Maziwa yalikuwa yameshaloanisha blauzi.

Nje, mdogo mtu akasogea kwenye kamera, labda aone dada kapiga nini. Akainama. Akaganda. Akainua kichwa kutazama duka, halina mtu; akainama tena kwenye kamera, dada yumo. Chupa za maji zikamponyoka. Akaja mbio, akasukuma mlango.

"Dada! Ulikuwa humu? Mbona—"

"Toka," dada akanong'ona. "Toka sasa hivi. Usiguse kitu."

Alimweleza kwa maneno machache. Mdogo mtu hakuamini. Akatoka nje, akarudi, mlango haukumzuia hata kidogo. Akamshika dada yake mkono, wakatoka pamoja wameshikana. Alipofika nje mkono wake ulikuwa mtupu, na dada yuko ndani anamtazama.

Akarudi ndani taratibu. Sasa hakuwa anacheka. Mwanga wa kwenye kaunta ukazidi kuwa mwekundu.

Jirani yangu aliniambia maneno yale yalimjaa mdomoni yenyewe. Niangalizie duka. Aliuma midomo ikatoka damu ili yasimtoke. Lakini alikuwa anamsikia mwanawe. Huko mbali kote, alikuwa anamsikia analia, sauti inakauka.

Mdogo mtu akamtazama usoni, akatazama blauzi iliyolowa. Hakuwa mjinga.

"Nenda kamnyonyeshe mtoto," akanong'ona. "Mimi nakuangalizia. Akilala, urudi."

Angeweza kukataa. Jirani yangu alilirudia hilo mbele yangu, huku analivuta vuta lile sweta: ningeweza kukataa.

"Haya," akasema. "Nakuja sasa hivi."

Mguu wake ukakanyaga barabarani, na hapo ndipo alipoelewa kwa nini yule mama alilia.

Alirudi. Msimdhanie vibaya, alirudi alfajiri, na mume wake, na nyundo. Yale maghala mawili yamegusana. Katikati yake hata kiganja hakipenyi. Ametembea mtaa ule mpaka walinzi wanamjua kwa jina. Kalenda ilitoka, na maduka mengine yote yamo. Picha ya mwisho kwenye kamera, ya duka la vifungo ambalo hakuwahi kulipiga, ni nyeusi tupu, kana kwamba mtu kaifunika kwa kitambaa.

Na hiyo asubuhi aliyonigongea? Sweta la mtoto lilikuwa halina kifungo siku nyingi. Alikuwa anamvalisha, akakuta kifungo kipo. Cha zamani, cha mfupa, kimeshonwa imara.

"Nani kakushonea, mwanangu?"

"Mama mdogo."

"Yuko wapi mama mdogo?"

Mtoto akanyoosha kidole kwenye kioo cha kabati. "Kasema nikuite," akasema. "Kasema uje sasa hivi."

Nilitaka kumwambia jirani yangu kwamba mtoto anaota tu, watoto wana mambo yao. Basi nikalichukua lile sweta, nikaligeuza ndani nje. Uzi haukukatwa kwa mkasi. Ncha yake ilikuwa imeng'atwa, na nilipoigusa ilikuwa bado ina mate.