Magunia Mlangoni

Kila jioni Chiriku alifagia chini ya cherehani ya mama yake, akaokota vipande vya vitambaa na kumfungia kila mteja kifurushi chake. Mama alikuwa fundi mwaminifu. Kitu alichokiogopa kuliko vyote ni kuambiwa amemega kitambaa cha mtu, kwa hiyo hakutupa hata kipande cha upana wa kidole. Mteja akija juu baada ya miaka mitatu, ushahidi upo.

Vifurushi vilijaza magunia, na magunia yakajaza korido. Chumba cha mwisho kilikuwa cha Bibi, ambaye miguu yake haikumtii tena. Kilikuwa na mlango wa nyuma usiotumika, basi Mama alimwagiza Chiriku apange magunia mapya hapo. Aliyashindilia mpaka yakagusa dari, akasifiwa. Bibi alilalamika kwamba sasa amehifadhiwa ghalani kama mahindi, wakacheka wote.

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa akinyoosha sare kwa pasi ya mkaa. Alipoipuliza, cheche iliruka ikatua kwenye gunia la korido. Hakuiona. Akachukua gauni la mteja wa mtaa wa pili, akatoka kulipeleka.

Chiriku alikuwa akimchua Bibi miguu aliposikia harufu ya nguo inayoungua. Akafungua mlango. Korido nzima ilikuwa moto. Akaufunga, akakimbilia mlango wa nyuma na kuvuta gunia. Halikusogea. Akavuta jingine, wapi! Moshi ukaanza kupenya chini ya mlango. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kupiga domo, alifungua kinywa sauti isitoke.

"Achana na magunia, mjukuu wangu," Bibi alisema, kama anayeagiza chumvi. "Lowesha shuka kwenye ndoo ya maji hapo uvunguni uzibe chini ya mlango wa korido. Kisha gonga nondo za dirisha kwa bakuli. Gonga, usiache."

Akagonga mpaka bakuli likabonyea. Jirani yao, fundi wa mageti, alikuja na mtaimbo, akang'oa nondo, akamtoa Bibi, kisha Chiriku. Hawajafika barabarani, dari ya chumba ikaanguka.

Mama aliwakuta wamekaa chini, nyuso nyeusi kwa masizi. Alimpapasa Bibi, akampapasa Chiriku, akarudi kwa Bibi. Wazimamoto walipomaliza kazi, mkuu wao aliuliza nani aliyeziba mlango wa nyuma kwa magunia.

"Ni mimi," Chiriku alinong'ona.

"Alitumwa," Mama alisema. "Ni mimi."

Mkuu hakumfokea mtu. Aliwaeleza kwamba gunia la vitambaa ni kuni, halikai karibu na mkaa, na kwamba mlango uliozibwa ni ukuta tu.

Baada ya wiki mbili Mama alishona tena, barazani kwa fundi wa mageti. Mteja wa kwanza alipokea gauni lake, akaomba vipande vibaki hapo mpaka atakapovihitaji. Mama alimwekea kifurushi mkononi.

"Nenda navyo, dada. Nilitunza vipande vya watu nisiitwe mwizi, nusura niwachome mama yangu na mtoto wangu. Uaminifu ni kukurudishia chako leo. Na mlango wa kutokea hauwekewi kitu, hata kwa siku moja."