Nilimtangaza Wifi Yangu Bila Kumtaja Jina

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka hamsini na mmoja, muuguzi, mzaliwa wa migombani, juu kidogo ya Himo. Wagonjwa hunisifu kwamba nina huruma. Wangejua nilichomfanyia mke wa kaka yangu, sijui kama wangenipa hata mkono wao niwachome sindano...

Miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi Moshi mjini. Somo nililolipenda kuliko yote ni elimu ya afya kwa jamii, yaani kuwafuata watu walipo na kuwafundisha kujikinga. Mambo ya mifupa na mishipa yalinitoa jasho, lakini kusimama mbele ya watu nilikuweza!

Kaka yangu Elia alikuwa amemwoa Ndeshi, mwanamke mcheshi kutoka Rombo, aliyeuza mitumba sokoni Himo. Tulipendana sana. Blanketi langu la bwenini lilitoka kwenye meza yake.

Likizo moja aliniita nyuma ya zizi la ng'ombe, akanieleza kwamba ana kifua kikuu. Kila asubuhi, kabla ya kupanga nguo zake, alipitia zahanati akameza dawa mbele ya nesi. Alikuwa anapata nafuu. Lakini nyakati zile, ukitaja kifua kikuu, watu walisikia Ukimwi!

"Elia anajua," aliniambia. "Mama asijue, wala watu wa hapa. Nimekwambia wewe, wifi, ili nipate kupumua."

Nikamwahidi. Nilimshika mikono kabisa!

Muhula uliofuata tulipewa zoezi. Kila mwanafunzi atafundisha wananchi, mwalimu akiwa amekaa pembeni anampima. Kundi letu likapangiwa usharika wa kwetu, baada ya ibada. Nilijiona malkia.

Mwenzangu alianza na habari za vyoo. Watu wakapiga miayo. Kina mama wengine wakaanza kuondoka, wakakate majani ya ng'ombe. Zamu yangu ilipofika, nikaanza na mada yangu, kifua kikuu. Nikaeleza kikohozi kisichoisha, kukonda, kumaliza dawa... Macho yote mlangoni! Mwalimu naye alikuwa anatazama saa.

Ndipo nikapaza sauti. "Msidhani ugonjwa huu uko mbali! Yupo mama wa hapa hapa, mnanunua mitumba kwake Himo. Anatumia dawa, na anapona!"

Waliokuwa mlangoni wakarudi. Hakuna aliyepiga miayo tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi!

Sikumtaja jina, nilijiambia. Lakini wauza mitumba wa kijiji chetu walikuwa wawili tu, na yule mwingine alikuwa amekaa mstari wa mbele, mnene, mashavu yanang'aa. Vichwa vikageuka kumtafuta Ndeshi. Alikuwa karibu na dirisha. Alijifunga kitenge chake vizuri, akatoka bila kunitazama.

Tukiwa njiani kurudi mjini, mwalimu aliniuliza kama yule mama nilimwomba ruhusa.

"Ndiyo, mwalimu," nikajibu.

Nikasifiwa mbele ya darasa zima. Je, mnaelewa nilivyolala na sifa zile?

Mama yangu mzazi akamtengea Ndeshi kikombe chake na sahani yake. Sokoni wateja walishika blauzi, wakamwona usoni, wakairudisha mezani. Na Elia, aliyejua tangu mwanzo! Aliposikia watu wanamcheka, akajifanya amedanganywa, akamrudisha mkewe kwao Rombo.

Hata kabla ya kurudishwa kwao, Ndeshi alikuwa ameshaacha kwenda zahanati, maana wambea walisimama barabarani kuona kama ataingia. Mimi nilipata habari zote hizo. Nilifanya nini? Nilisingizia mitihani, nikakaa mjini. Niliogopa kumwona.

Kikohozi kikarudi na damu. Akaanza matibabu upya, safari hii kwa sindano za kila siku. Alipona. Lakini sindano zile ziliharibu masikio yake... Ndeshi akawa kiziwi!

Nilikuwa nimeshaajiriwa nilipopata ujasiri wa kumfuata Tarakea, huko kwao Rombo, alikokuwa anauza maharage. Nilipiga magoti mbele ya magunia nikamwambia nimekosa. Hakusikia. Nikarudia kwa sauti zaidi, nikilia, nikitaja ugonjwa, nikitaja kanisa...

Akaniwekea kiganja mdomoni. "Nyamaza, wifi," alisema taratibu. "Watu wanageuka."

Nilikuwa nimemtangaza tena!

Ninyi mnaosomea uuguzi, na yeyote anayesimama mbele za watu kufundisha, nawasihi. Maisha ya mtu si mfano wa kuchangamsha somo. Mwombe ruhusa mwenyewe, na akikataa, kaa kimya. Usiseme hujamtaja jina. Kijijini jina halihitajiki! Na ukikosea, usijifiche kama mimi. Kama ningewahi kurudi, nikamshika mkono hadi zahanati, huenda leo angekuwa anasikia.

Bado ninakwenda Tarakea kumsalimia. Hunipokea vizuri, hunipikia chai ya maziwa, huniuliza habari za watoto wangu. Mimi nikimuuliza kwa ishara habari zake, hutabasamu tu, akaendelea kupima maharage.