Manjano Yasiyotoka kwa Sabuni

Kila jioni baba alirudi kutoka kwenye mashine yake ya kusaga bizari ya manjano akiwa wa njano kuanzia kope hadi kucha. Mtaa mzima ulimwita Bwana Manjano, naye alicheka tu. Basi alipozidi kuwa wa njano, nani angeshtuka?

Bintiye, ambaye kwa kupenda kusema aliitwa Kasuku, ndiye aliyempelekea taulo jioni moja. Baba alijisugua kwa sabuni, akajifuta. Taulo likabaki jeupe pe! Lakini shingo ilikuwa ya njano vilevile, na macho pia. Tena ngozi ilimwasha, akajikuna mpaka damu ikatoka.

"Baba, hili si vumbi," Kasuku alisema.

"Wee! Usimwambie mama yako. Leo funga huo mdomo."

Kasuku akaufunga. Lakini kila alipomwona baba akikaza mkanda wa suruali iliyompwaya, alizidi kuogopa. Mwishowe alishindwa, akamkimbilia mama.

"Mama, taulo la baba halichafuki!"

Mama akampeleka baba hospitalini. Baada ya vipimo, daktari bingwa wa upasuaji aliwachorea picha.

"Nyongo hutoka kwenye ini kwa mrija huu. Saratani imeuziba, ndiyo maana amekuwa wa njano. Tena imeanza kung'ang'ania mshipa mkubwa wa damu unaoingia kwenye ini. Nitakata mrija, sehemu ya ini na kipande cha mshipa, kisha niuunge kwa kuushona. Sitawaficha, ni hatari. Ukivuja na tusipouwahi, tutampoteza."

Baba alimtazama Kasuku, na Kasuku akadhani amemkasirikia.

Siku ya upasuaji, muuguzi alipita mbio na mifuko ya damu. Punde akapita tena na mingine. Mama aliomba kimoyomoyo. Kasuku alijuta: laiti angenyamaza, baba angekuwa kwenye mashine yake sasa hivi!

Hatimaye mlango ulifunguka.

"Mshipa umeshika, damu inapita," daktari alisema, jasho likimtiririka. "Uvimbe tumeutoa, ingawa tutaendelea kumchunguza. Mngechelewa kidogo tu, ungeuzingira mshipa wote, nami nisingethubutu kuugusa."

Baba alipopata nguvu alimwita bintiye. Macho yake yalianza kurudi kuwa meupe.

"Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, tena nikakufundisha kuficha. Nisamehe. Ukiona mtu anaugua, sema, hata akikukaripia. Mdomo wako ndio ulioniokoa. Umesikia, Kasuku?"

Kasuku alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikosa la kusema.