Nilificha Vidonge Vyangu, Mke Wangu Akaitwa Mwongo

Nina miaka arobaini na mmoja, ni fundi cherehani hapa Kindu, na shule niliishia primaire ya nne, darasa la nne tu. Mkiona kosa katika maandishi haya, mnisamehe. Kosa langu kubwa haliko katika maandishi.

Nina daftari moja. Kurasa za mbele ni vipimo vya wateja: bega, kifua, urefu wa mkono. Kurasa za nyuma ninaandika siku zangu. Si mambo makubwa... mvua imenyesha, meli imefika kutoka Ubundu, uzi mweusi umekosekana sokoni. Ninaandika kwa sababu siamini kichwa changu. Leo ninazifungua kurasa za nyuma mbele yenu, na sijui hata kama nina haki ya kuomba mnisome.

Nilianza kukohoa wakati ule kila mwanaume alikuwa anataka abacost, ile suti isiyo na tai. Walimu, makarani, watu wa reli, wote walikuja na vitambaa vyao. Nilikaa mashinini tangu asubuhi, nikikohoa, nikisema ni vumbi la nguo. Kisha siku moja nikakohoa juu ya kitambaa cheupe cha mteja, nikaona damu!

Nilifanya nini? Nilikata ule upande, nikaweka kipande kingine, nikanyamaza. Mwanzo wa mambo yote njo ule.

Nilikwenda dispensaire, zahanati yetu, kwa munganga Kalala. Yeye ni infirmier, yaani muuguzi, mtu wa Kasai, mrefu, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Alipima makohozi yangu, akaniambia ni kifua kikuu. Sindano kila asubuhi miezi miwili, na vidonge kila siku mpaka mwaka uishe na nusu yake.

“Citoyen Ramazani, unisikilize vizuri,” aliniambia; citoyen, mwananchi, njo tunavyoitana siku hizi. “Kisha sindano kuisha utajisikia kama ngombe dume. Hata vile, unameza! Na muke yako umulete nimupime.”

Nilijibu ndiyo. Sikumleta. Mke wangu Mwamini nilimwambia ni ugonjwa wa vumbi la vitambaa, na vile vidonge ni vya kusafisha kifua. Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Nilikuwa mume wake.

Sindano nilizimaliza zote, hiyo ni kweli na ninaiandika. Kikohozi kiliisha, nikanenepa, vifungo vya shati vikanibana. Kisha Ramadhani ikaingia.

Katika mtaa wetu wanaume wanafuturu pamoja, nje, mbele ya nyumba. Kila nyumba inaleta chakula chake: wali, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Sinia ni moja, mikono inakutana ndani yake. Mwanaume anayefuturu ndani peke yake, watu wanaulizana ana nini.

Sasa vile vidonge vilikuwa vinachoma tumbo tupu. Ilikuwa lazima nivimeze pamoja na chakula. Nitoe kopo langu mbele ya wenzangu? Vidonge vile vyeupe vya kifua kikuu, kati ya wanaume wote wale angekosa mmoja wa kuvitambua? Wangesogeza sinia kwa adabu, kidogo kidogo... Kesho yake wangesogeza na vitambaa vyao kwa fundi mwingine. Na nilipaswa kukaa mbali nao kweli, kwa sababu ugonjwa huu unapita kwa pumzi! Niliogopa aibu, nikaweka mkono wangu ndani ya sinia la watu wasio na kosa. Sijui mpaka leo kama nimemwambukiza mmoja wao.

Lazima niseme haki. Nilikwenda kwa mwalimu wa msikiti, nikamuuliza habari ya “mtu mmoja” mwenye ugonjwa. Mwalimu alicheka. “Huyo mtu umwambie mugonjwa ana ruhusa ya kula. Na kama hataki kula muchana, usiku wote ni wake, ameze!” Kwa hiyo mtu asiseme dini iliniharibia. Dini ilinifungulia mlango. Mimi njo nilibaki nje.

Nimetazama daftari. Siku ya tatu ya Ramadhani niliandika: “Leo sikumeza. Najisikia vizuri.” Siku ya nne: “Leo sikumeza.” Mwezi mzima ni vile.

Idi ilipita, sikurudia. Kikohozi kilipojaribu kurudi, nilimeza wiki moja, kikanyamaza, nikaacha tena. Kikarudi, nikameza siku tano, nikaacha. Nilijiona mwenye akili! Kila mwezi nilikwenda kwa munganga kuchukua fungu langu jipya, nikamwambia nameza. Nyumbani nilivimimina ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya vipande vya nguo. Niliviweka kwa siku mbaya. Siku mbaya nilikuwa naitengeneza mwenyewe, na sikujua!

Munganga Kalala alifurahi nami. Aliwaambia wagonjwa wengine waliokaa kwenye benchi: “Mumuangalie huyu! Muntu wa akili njo huyu!”

Na mimi nilitabasamu, wasomaji wenzangu. Nilitabasamu!

Mwaka wa pili Mwamini akaanza kukohoa. Alikuwa anatwanga sombe, anasimama, anashika mchi kama fimbo ya mzee. Safari hii nilimpeleka mwenyewe. Jibu likawa lile lile: kifua kikuu. Njiani kurudi aliniuliza taratibu, “Baba Zaina, ule wako ulikuwa vumbi kweli?” Zaina ni binti yetu mmoja tu. Nilimjibu tutazungumza nyumbani. Nyumbani hatukuzungumza.

Mwamini alikuwa mtu wa namna gani? Ukimwambia mchele uoshwe mara tatu, ataosha mara tatu, hata kama maji yameshakuwa safi kwenye mara ya pili. Vidonge alivimeza vile vile. Ramadhani ilipofika munganga alimkataza kufunga, lakini alifunga, kwa sababu aliona haya mbele ya wanawake wenzake. Hapo tulifanana. Ila yeye alimeza kila siku wakati wa daku, chakula mdomoni, maji mkononi. Nilimwona kwa macho yangu, halafu nikageuza kichwa.

Hakupona! Mwezi wa pili, wa tatu, wa tano... Khanga ikawa inamzunguka mara mbili. Makohozi yalipopimwa, vidudu vilikuwa vimejaa kama siku ya kwanza.

Siku moja munganga alikasirika mbele ya benchi nzima. “Citoyenne, bwana yako alimeza dawa hii hii, akapona! Weye yako unaitupa wapi?”

“Ninameza, munganga.”

“Ramadhani ulifunga?”

“Nilifunga. Lakini nilimeza ku daku.”

“Aaah! Njo pale! Munafunga, munatupa dawa, kisha munakuja kunisumbua!” Akanigeukia. “Citoyen Ramazani, weye unaishi naye. Anameza ao hamezi?”

Benchi nzima ilinitazama. Mwamini pia alinitazama, na uso wake ulikuwa umetulia, kwa sababu alijua shahidi wake nipo. Neno moja tu lilihitajika. Lakini nikisema anameza, munganga atauliza basi ugonjwa huu mgumu umetoka wapi, na swali litanirudia mimi. Nikajibu: “Munganga, mimi muchana kutwa niko ku mashini. Sijui.”

Sijui! Ndivyo nilivyosema.

Tangu siku ile Mwamini aliamriwa kwenda dispensaire kila asubuhi, kumeza mbele ya munganga, kufungua kinywa na kuinua ulimi kama mtoto aliyeiba sukari. Wanawake wa sokoni wakampa jina. “Mama Fungua-Kinywa, umeamuka?” “Mama Fungua-Kinywa, leo umeficha ngapi?” Walikuwa wanacheka tu, sidhani walikuwa wabaya. Mama yake alikuja na mtumbwi kutoka Lokandu, akamgombeza mlangoni: “Leta, serikali nzima, inakupa dawa, weye unaitupa? Unataka kuniachia mutoto nilee na uzee huu?”

Mwamini alimjibu maneno matatu. “Mama, hata weye?”

Mimi nilikuwa nashona kola. Sikuinua kichwa.

Aliendelea kumeza mbele ya munganga, na aliendelea kukonda. Nami nilikuwa nimeanza tena kukohoa, nikizuia kikohozi kwa kitambaa. Hapo nimsifu munganga Kalala, kwa sababu watu wengi wangeona haya kurudi nyuma. Alikuja nyumbani kwetu, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akavua kofia.

“Nimemuonea muke yako,” alisema. “Nimeona kwa macho yangu, anameza, na mikrobu haifi. Kuko muntu alimupatia mikrobu yenye haisikii tena dawa.”

Nilimuuliza mikrobu, vile vidudu vya ugonjwa, inawezaje kutosikia dawa. Nilitaka tu azungumze, asinitazame.

“Unakumbuka salongo ya kiwanja cha mupira?” aliniuliza. Nilikumbuka. Jumamosi ile ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa, tulitolewa wote kwenda kung’oa majani. Kila mtu aling’oa yale laini, yanayotoka haraka. Yale yenye mizizi mirefu tuliyaacha, tukaenda nyumbani. Baada ya mvua mbili kiwanja kizima kilikuwa majani magumu, jembe linaruka juu yake.

“Dawa ni vile,” alisema munganga. “Siku za kwanza inaua mikrobu zile laini, na njo nyingi. Muntu anasikia vizuri, anasema nimepona. Lakini zenye kubakia ni zile ngumu chache, zinataka dawa ya siku nyingi. Ukiacha pale, umezifagilia kiwanja! Zinazaa, na watoto wao wote ni wagumu. Ukimeza tena kidogo, ukaacha tena, unachagua ngumu kupita zile. Kisha zinaruka ku kifua cha muntu mwingine, zinafika ngumu tayari. Ule muntu atameza mpaka mwisho, na ni bure.”

Mkasi ulisimama mkononi mwangu. Na bado, wasomaji wenzangu, bado nilikuwa nafikiri naweza kunyamaza!

Ndipo Mwamini akasema kutoka ndani, amelala mkekani, sauti kama uzi: “Munganga, pengine ni mimi kweli. Pengine kuko siku nilisahau.”

Yeye! Tulikuwa tumemwita mwongo mpaka ameanza kujiita mwongo mwenyewe.

Nilichukua daftari, nikaligeuza nyuma, nikampa munganga. Kusoma sikuweza. Alisoma yeye, kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa. “Leo sikumeza. Leo sikumeza. Leo nimemeza, kikohozi kimerudi. Leo sikumeza.” Nikalitoa kopo chini ya vipande vya nguo. Alilimwaga juu ya meza yangu ya kukatia, vidonge vikatiririka mpaka chini.

Nilingoja anipige. Alisema tu, “Na mimi nilikuwa nakuita muntu wa akili.”

Mwamini aliniita kutoka mkekani, nikasimama mlangoni. “Baba Zaina. Ile siku ku benchi... ulikuwa umeniona nikimeza?”

“Nilikuona.”

“Basi,” alisema. Akageukia ukutani. Hakuniuliza kitu kingine tena.

Munganga aliandika barua siku ile ile kuomba dawa mpya kutoka Kisangani, kwa sababu Kindu haikuwepo. Barua ilikwenda na meli mpaka Ubundu, kisha treni. Meli ilichelewa kwa kukosa mazout, mafuta ya injini. Siwezi kuwalaumu watu wa meli. Kati ya siku ya benchi na siku ya kopo kuna kurasa thelathini na nne katika daftari langu. Ningefungua mdomo ile siku, dawa ingefika.

Mwamini alifariki mto ulipokuwa umejaa. Siku ile niliandika mstari mmoja, na sitawaandikia hapa.

Arobaini ilikuwa imeshapita wakati munganga Kalala alipokuja tena. Aliweka boksi dogo juu ya mashini yangu. Juu yake mtu wa Kisangani ameandika kwa wino, herufi nzuri: Citoyenne Mwamini, Kindu.

“Mikrobu yako ni ile ile,” alisema. “Dawa hii alikuwa anaingoja yeye. Utaimeza weye. Na utaimeza mbele yangu.”

Sasa kila asubuhi ninakaa kwenye benchi ile. Ninameza, ninafungua kinywa, ninainua ulimi. Dawa yenyewe ni kali, inageuza mkojo mwekundu. Wanawake wanasema, “Baba Fungua-Kinywa, umeamuka?” Ninawajibu nimeamka. Sinia la futari nimelikimbia, na wateja wengi wamenikimbia, kama nilivyoogopa. Nimeona kwamba aibu hiyo haikuniua. Zaina yuko Lokandu kwa bibi yake, na mama mkwe amenikataza kumwona mpaka munganga aseme makohozi yangu ni safi. Ana haki.

Ndugu zangu, ninawaomba. Ukipewa dawa ya mwaka, meza mwaka, hata ukijisikia kama ngombe dume. Usiweke akiba ya vidonge, usimeze kwa vipande. Usione haya ya sinia. Na kama kuna mtu anaitwa mwongo mbele yako, na wewe njo unaujua ukweli, useme pale pale kwenye benchi, usingoje akonde.

Mimi sijui kama nimesema vizuri. Mwamini angesema kwa maneno machache.

Boksi limebaki nusu. Leo nimemeza. Nimeandika hivyo katika daftari, kisha nikalirudisha boksi mahali pake, upande wenye jina lake ukinitazama.