Dakika Mbili Hotelini Farasi Sita

Ijumaa, saa 10:20 jioni

Chumba kilikuwa zizi kabla hakijawa stoo. Mikojo ya farasi wa miaka mia mbili ilikuwa imeingia kwenye matofali na haikuwa na mpango wa kutoka. Hoteli ya Farasi Sita ilikuwa imetupa humo viti vilivyovunjika, mti wa Krismasi wa plastiki, na godoro moja lenye ramani za wote waliowahi kulilalia.

Clive Rudge alikalia godoro. Alikuwa anakula pai ya nyama ya nguruwe, ile ya baridi, yenye utando wa mchuzi ulioganda kati ya nyama na ganda. Aliunyonya utando kwanza. Wenzake watatu walisubiri amalize.

"Jumapili," alisema. "Siku ya Kumbukumbu. Saa tano kamili tarumbeta inalia pale mnarani na mji wote wa Marlbeck unanyamaza kwa ajili ya wafu wa vita. Dakika mbili. Tarumbeta ya pili, wanaanza kupumua tena. Sisi tunatoka na mzigo katikati."

"Mbele ya watu wote hao?" aliuliza Colin Frayne, dereva.

"Tena mbele ya macho yao. Colin, wewe si mtoto wa hapa? Umewahi kuona mtu anafungua mdomo kwenye zile dakika mbili?"

Colin alifikiri. "Baba aliwahi kukohoa. Mama hakumsemesha mpaka Jumanne."

"Umeona? Denzil anatoka na mzigo, wanamwona, wanakunja sura. Basi. Atakayepiga kelele atasemwa mpaka azikwe. Dakika mbili, kaka. Benki gani inakupa dakika mbili?"

Alijifuta vidole kwenye godoro. "Sheila, waambie."

Sheila Mabbott alikuwa msimamizi wa vyumba. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiokota nywele za watu kwenye mabafu ya Farasi Sita.

"Chumba namba saba. Bibi Peverell. Ana miaka tisini na mmoja, anakuja kila mwaka kwa Kumbukumbu, analala siku tatu. Kaka yake alikufa Italia vitani wakampa Msalaba wa Victoria, nishani ya ushujaa iliyo juu ya zote. Nishani yenyewe anaifungia kwenye kisanduku cha chuma kabatini. Mnarani anavaa ya bandia, anaogopa ya kweli isije ikadondoka."

"Mnunuzi yuko ng'ambo, anasubiri," alisema Rudge. "Denzil, kisanduku?"

"Dakika tano," alisema Denzil Hoole. "Sita, kikiwa cha zamani."

Denzil alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, mtu wa vitasa. Alikuwa amenyea debe miaka tisa kwa kazi ya Rudge na hakulitaja jina la Rudge hata mara moja. Alikuwa nje kwa masharti. Kosa lolote jipya, hata la kuiba sabuni, lingemrudisha ndani kumalizia miaka kumi na mmoja. Mapafu yake hayakuwa na miaka kumi na mmoja.

"Hii ndiyo ya mwisho, Clive. Uliniahidi."

"Ya mwisho. Naapa kwa mama yangu."

"Mama yako yuko hai?" aliuliza Sheila.

"Nitajuaje?" alisema Rudge, akalamba kidole.

Jumamosi, saa 7:15 mchana

Walikuwa wamepanga vyumba mbalimbali kama watu wasiojuana. Rudge namba nne, Denzil namba tano, Colin gereji ya rafiki. Katika Farasi Sita hakuna sakafu iliyonyooka. Ukiangusha kidonge mlangoni, unakiokota dirishani. Zulia la korido lilikuwa na maua mekundu na kahawia, rangi zilizochaguliwa ili lolote litakalomwagika lisionekane.

Sheila alimkuta Denzil koridoni. Alikuwa amebeba mashuka ya namba nne, ameyashika mbali na mwili.

"Nimesafisha kwake," alisema kwa sauti ya chini. "Tiketi za feri ni mbili. Yeye na Colin."

"Labda yangu anayo mfukoni."

"Denzil, usijifanye mjinga. Wewe atakushusha njiani kama mfuko wa taka."

"Na wewe?"

"Mimi niko na mashuka, kama siku zote."

"Sasa kwa nini unaniambia?"

Sheila aliangalia mashuka, kisha akaangalia pembeni. "Kwa sababu wewe ukimaliza chooni unakisugua kwa brashi. Yule bwana..."

Denzil angeweza kuondoka mchana ule. Lakini Rudge alikuwa anajua anwani yake na jina la ofisa aliyemsimamia katika kifungo cha nje, na simu moja tu ingetosha. Alibaki. Saa mbili usiku alikaa kwenye meza ya peke yake, akamsikiliza Rudge, meza mbili kutoka hapo, akiita mhudumu kwa kugonga glasi.

Jumapili, saa 4:51 asubuhi

Nyumba ilinuka mafuta ya nguruwe. Wageni wote walikuwa wameshakula soseji, nyama ya kukaanga, mayai na maharage. Sasa walikuwa wanateremka ngazi wakibandikana vifuani maua mekundu ya karatasi, alama ya siku ile. Wapishi nao walitoka, aproni zikiwa na madoa. Wote walikwenda kusimama chini ya tao kubwa la lango, lile la magari ya farasi ya zamani, linalotazama uwanja wa mji.

Denzil alivaa glovu nyembamba. Ufunguo alipewa na Sheila.

Chumba namba saba kilikuwa na poda ya mwili na glasi yenye meno ya bandia ya akiba. Kitanda kilikuwa kimetandikwa na mwenyewe, pembe zimekunjwa kama za hospitali ya jeshi. Denzil alipiga magoti mbele ya kabati. Kisanduku kilikuwa cha zamani. Dakika sita.

Nishani ilikuwa ya shaba, nyeusinyeusi, na uzito wa funguo tatu. Aliitia mfukoni.

Saa 5:00

Tarumbeta ilimkuta ngazini. Alisubiri noti ya mwisho ife, kisha akaendelea. Kila kipandio kililia. Hilo lilikuwa kwenye mpango.

Chini ya tao kulikuwa na migongo thelathini. Alipita katikati yao. Meneja alimwona, akakunja sura. Mhudumu mmoja alimtazama viatu. Mwanamume mwenye nishani tatu alitoa pumzi puani, polepole, kama anayeona mbwa anajisaidia kanisani. Hakuna aliyesema neno. Rudge alikuwa amepiga hesabu sawasawa.

Gari la kijivu lilikuwa hatua ishirini mbele, pembeni mwa uwanja. Injini ilitakiwa iwe inanguruma.

Ilikuwa imezimwa.

Colin Frayne alikuwa amesimama nje, kando ya mlango wa dereva. Kofia yake aliishikilia kifuani. Macho ameyafumba. Alikuwa amefanya hivyo kila Novemba tangu ajue kutembea, na tarumbeta ilipolia mikono yake ilizima gari bila kumwuliza.

Saa 5:00, sekunde ya arobaini

Kioo cha nyuma cha gari, alipokaa Rudge, kiliteremka.

"Colin," Rudge alinong'ona.

Colin hakufumbua macho.

"Colin. Gari."

"Shh," alisema Colin.

Pengine hakujua anamwambia nani. Rudge alijua. Uso wake ulijaa damu mpaka masikioni.

"Washa gari, mbwa wewe!"

Sauti ilikwenda mpaka kwenye mnara, ikagonga jiwe, ikarudi. Vichwa mia tatu viligeuka. Rudge alitoka na spana ya magurudumu. Alimpiga Colin mara moja, taya la kushoto. Colin alianguka kwa magoti bila kupiga kelele. Meno mawili yalitoka na damu nyingi, ikaingia kwenye ua lake la karatasi mpaka karatasi ikalegea. Rudge alimpiga tena.

Hakuna aliyesogea.

Hili lisemwe kama lilivyokuwa. Zilibaki sekunde sitini. Mchungaji aliona. Meya aliona. Konstebo Blagdon, mwanamke aliyekuwa askari pekee wa zamu, alikuwa hatua arobaini kutoka pale, mikono imenyooka ubavuni, na aliona. Mtu alikuwa anavunjwa uso mbele ya watu mia tatu wenye maua vifuani, na watu mia tatu walisubiri tarumbeta.

Denzil alikuwa bado chini ya tao. Hakuna aliyekuwa anamtazama yeye sasa. Alirudi ndani.

Saa 5:02

Tarumbeta ya pili ililia, na papo hapo uwanja ukapiga kelele. Wazee wenye nishani walimwangukia Rudge kama magunia. Konstebo Blagdon alimkalia mgongoni, akamfunga pingu.

"Kuna mwingine ndani!" Rudge alipiga ukelele, shavu likiwa juu ya lami. "Hoole! Chumba namba tano! Yeye ndiye anayo nishani!"

Denzil alimsikia akiwa ua wa nyuma. Kumtunzia mtu siri miaka tisa, na mtu mwenyewe hakuweza hata sekunde tisa.

Karibu na mlango wa jiko kulikuwa na mapipa matatu ya mafuta machafu. La kwanza lilikuwa wazi, bado vuguvugu kutokana na kiamsha kinywa. Alitupa nishani. Haikuzama. Juu kulikuwa na ngozi nyeupe iliyoshika vipande vya nyama, ganda la yai, unywele. Nishani ilikaa juu yake ikimtazama. Aliisukuma chini kwa mkono, mpaka kwenye kiwiko. Mafuta yaliingia ndani ya shati.

Glovu alizitupa kwenye moto wa ukumbini, akapanda chumbani kwake.

Sinki la namba tano lilikuwa na mabomba mawili, la baridi na la moto, kama masinki yote ya kizamani ya nchi ile. La moto lilikohoa. Lilitoa upepo, kisha maji ya kutu, kisha maji baridi kuliko yale ya bomba la baridi. Katika Farasi Sita maji ya moto husafiri dakika kumi kutoka kwenye boila mpaka ghorofani, na mafuta ya nguruwe hayaondoki kwa maji baridi. Yaliganda mkononi mwake. Alikwangua kwa kucha.

Mlango uligongwa.

"Bwana Hoole?" alisema Konstebo Blagdon. Alinusa. "Umeanguka jikoni?"

"Niliteleza uani."

"Pole. Twende ukanionyeshe ulipoteleza."

Saa 5:38

Ambulensi ilikuwa imeshamchukua Colin. Rudge alikuwa amekalishwa kwenye ngazi ya ua, pingu nyuma, na askari wawili waliotoka mji wa jirani.

"Mwangalie mkono!" alisema Rudge. "Tia pua pale, dada, utajua. Huyo mwizi tangu tumboni."

"Unamfahamu huyu bwana?" Blagdon alimwuliza Denzil.

"Nimemsikia akila. Jana."

Sheila alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono ndani ya aproni. "Huyu mgeni aliteleza pale," alisema. "Nimemwona mwenyewe. Kila siku nawaambia wapishi wafunike mapipa, hawasikii."

Hakumtetea Denzil kwa sababu ya brashi peke yake. Denzil akizama, ufunguo wa namba saba ungeibuka.

Denzil alipanga ukweli wake mmoja mmoja. Kisanduku hakikuwa na alama. Glovu zilikuwa majivu. Shati lenye mafuta si kosa la jinai. Meneja alimwona akipita chini ya tao, lakini kutembea wakati wa kumbukumbu ni ufedhuli tu, hakuna sheria. Lililobaki lilikuwa neno la Rudge, na mahakama zilikuwa na faili tatu kuhusu neno la Rudge. Akifunga mdomo, angelala nyumbani.

"Mwageni yote," alisema Blagdon.

Wapishi wawili waliangusha pipa la kwanza. Mafuta yalitoka kwa mkupuo mmoja, mazito, ya kijivu, yakitambaa juu ya mawe ya ua pamoja na soseji zilizovimba. Mhudumu mmoja alitapika kwenye chungu cha maua. Wageni walirudi nyuma, leso puani.

Bibi Peverell hakurudi nyuma. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, koti jeusi, na nishani ya bandia kifuani upande wa kulia, upande wa ndugu wa marehemu. Ile ya kweli iliteleza pamoja na utepe wake, ikasimama hatua mbili kutoka kwenye kiatu chake.

Watu waliitazama. Hakuna aliyetaka kuingiza mkono pale. Wapishi walimtazama meneja, meneja akaitazama suti yake. Blagdon alikuwa anatafuta mfuko wa ushahidi.

Bibi Peverell alishika fimbo akaanza kuinuka. Kisha, kidogo kidogo, akaanza kupiga goti. Magoti ya miaka tisini na mmoja yalielekea kwenye mafuta, na watu arobaini waliendelea kutazama.

Denzil aliinama kabla yake. Aliiokota nishani. Aliifuta kwa mkono wa shati uliokuwa safi, mbele na nyuma, akaminya utepe, akaiweka kwenye kiganja cha bibi.

"Asante," alisema Bibi Peverell, kama mtu anavyomshukuru aliyempitishia chumvi.

"Samahani," alisema Denzil.

Lilimtoka lenyewe, kama linavyowatoka watu wa kule hata mtu akiwakanyaga mguu. Ngazini, Rudge alianza kucheka, mate yakimchuruzika kidevuni.

Konstebo Blagdon aliacha kutafuta mfuko. Alitoa daftari, akatazama saa, akaandika dakika.

"Samahani ya nini, bwana Hoole?"