Bunduki Isiyochukuliwa

Siku ya maonyesho ya bunduki, ukumbi wa Tulsa hujaa mpaka watu wanapishana mabega. Hapo ndipo Emmett Pruitt, fundi lifti mwenye mgongo mbovu na buti safi, alipommwagia Corinne Stovall, muuza bunduki, maji ya limau kwenye jaketi lake la jinzi.

"Samahani sana, bibie!"

"Jaketi jipya hili."

"Nipe nikalifue."

"Hata jina hujaniambia, unataka kunivua nguo?"

Emmett aliiva mpaka masikioni. Corinne akacheka, na wa meza za jirani wakageuka, maana tangu aachane na mumewe walikuwa hawajamsikia akicheka.

"Unapokea bunduki za kutoka nje ya jimbo?" Emmett akauliza, akisoma kibao cha mezani.

"Ndiyo kazi yangu."

"Kaka yangu wa kambo, kule Arkansas, ananiuzia ya marehemu baba. Nilimwambia anitumie nyumbani."

"Thubutu! Mtafungwa wote wawili. Aitume dukani kwangu, mimi nina leseni. Unajaza fomu mbele yangu, nawauliza serikali, wakikukubali unaondoka nayo."

Bunduki ilifika. Mwenyewe hakuichukua. Alikuja na nyama ya moshi, akaja na keki ya njugu za pekani, siku nyingine akaja mikono mitupu, akakaa tu kaunta akizisifia nywele nyekundu za Corinne. Na kila jioni simu.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Bunduki yako unaichukua lini?"

"Mimi nikija huko nakufuata wewe."

"Sukari imezidi, Emmett. Nitaugua."

Corinne alimpenda, tena vibaya sana. Na kwa kuwa alimpenda, alianza kumtilia shaka. Mtu gani analipia bunduki ya baba yake, kisha kila akiiona fomu anakumbuka kuna lifti imekwama mahali? Corinne alijipa jibu: mtu aliyewahi kufungwa, ambaye sheria inamnyima bunduki. Na mtu wa hivyo, siku moja angemwomba aiandike kwa jina lake Corinne. Mumewe wa zamani ndivyo alivyoanza, "andika tu jina lako, mpenzi," na nusura Corinne apoteze leseni na uhuru wake kwa pamoja.

Akaamua kumtega. Akailaza bunduki juu ya kaunta, fomu pembeni, kalamu juu yake. Emmett alipapasa kitako cha bunduki, pale shavu la baba yake lilipokuwa likiegemea hata rangi ikafifia. Macho yakamlowa. Kisha akaiona fomu.

"Mgongo unanisumbua leo," akasema, akatoka.

Jioni ile simu ililia. Corinne hakupokea. Ilipolia tena akaizima, akalia yeye.

Jumamosi Emmett akaingia na shati jeupe lililopigwa pasi, kofia mkononi.

"Corinne, nina ombi."

Corinne akawaza: Haya, limefika. "Sema, halafu utoke."

"Irudishe."

"Nini?"

"Bunduki. Irudishe Arkansas. Dada yangu yuko hukohuko, atainunua yeye."

"Hutaki niiandike kwa jina langu?"

"Ufungwe kwa ajili yangu? Una wazimu?"

"Wewe ulifungwa kwa kosa gani?"

"Nifungwe mimi!" Emmett akatoa kichupa mfukoni. "Mafuta ya bangi, Corinne. Bila haya mgongo haunipi usingizi. Daktari ameniandikia, jimbo limeruhusu. Lakini fomu ni ya serikali kuu, ya Washington, na Washington hawajaruhusu. Wanauliza natumia au situmii."

"Nusu ya mji huu wanatumia, na wote wananiandikia hapana."

"Najua. Lakini inasainiwa mbele yako. Sikutaka kitu cha kwanza kukusainia kiwe uongo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, usingeweza kunipa tena. Ile ni ya baba. Niliitaka, na wewe nilikutaka, nikashindwa kuchagua."

"Na sasa?"

"Si nimekwambia uirudishe?"

Corinne aliona aibu, aibu ya kweli. Wakaifunga bunduki kwenye boksi pamoja. Emmett aliweka mkono juu ya kifuniko, akakaa hivyo kidogo, kisha akauondoa.

"Kuna karatasi nyingine nataka tuisaini," akasema bila kumtazama. "Ya ndoa."

Corinne akainua simu ya kaunta, ileile anayowaulizia wateja serikalini.

"Subiri. Uchunguzi kwanza."

"Unawapigia serikali?"

"Serikali wapole. Nampigia mama."

Na Emmett, aliyekuwa akiikimbia fomu siku zote hizo, akavuta kiti, akakaa, akasubiri majibu.