Mbwa Mmoja, Nyumba Nne

Asubuhi hiyo fundi viatu alikuwa ametulia kibarazani kwake, sindano mkononi, mbwa wake Soli amelala juu ya miguu yake. Tangu afiwe na mkewe, hakuwa na mwingine wa kuamkia. Kazi ilikuwa imedorora. Watu siku hizi wananunua ndala za plastiki, zikikatika wanatupa. Mzee na Soli waligawana sahani moja, na sahani yenyewe ilizidi kuwa nyepesi.

Akaingia jirani yake, mfuga kuku, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mayai. Alisema mbwa anachoka kulala, akaomba amtembeze kidogo. Mzee akamshukuru.

Jamani, nasimulia haya huku nikiona kinyaa. Mama huyo alimpeleka Soli moja kwa moja ukumbini, ambako shirika moja lilikuwa likigawa chakula cha mbwa na paka kwa nyumba zenye dhiki, zisije zikawatupa wanyama wao. Sharti lilikuwa moja: uje na mnyama wako. Mama Mayai akamwandikisha Soli. Akatoka, akampa kamba shemeji yake, naye akaandikisha. Kisha binti yake. Kisha mwenye duka. Mifuko yote minne ya chakula ikachanganywa kwenye pumba za kuku wake, Soli akarudishwa kibarazani, na karani wa mgao, mpwa wake Mama Mayai, hakuinua macho.

Mzee alipopata habari za mgao, alivaa shati la kutokea, akaenda na Soli. Karani akafunga daftari.

"Mbwa huyu keshaandikwa, mzee."

"Na nani? Mwenyewe ni mimi."

"Wenyewe wako wanne. Wewe unataka uwe wa tano?"

Foleni ikacheka. Mmoja akamwambia akatafute mbwa wake, aache kuazima wa watu. Mama Mayai alikuwa papo hapo. Soli alimtikisia mkia, naye akageuka kutazama ukuta.

Mzee hakugombana, ni mtu wa kuona haya kwa makosa ya wenzake. Alijinyima wiki mbili, mpaka mbavu za wote wawili zikahesabika. Mwishowe alimkabidhi Soli kwa dereva wa lori la mbao aliyekuja kushonewa buti, mtu wa mbali, mwenye ua na watoto. Hakumtoza chochote. Alimwomba tu mbwa alale ndani mvua ikinyesha.

Mwezi uliofuata wakaguzi wa shirika walikuja kumwona kila mnyama aliyeandikishwa, nyumba kwa nyumba. Mama Mayai akakimbilia kibarazani, jasho linamtiririka.

"Fundi, niazime Soli dakika tano tu."

"Hayupo. Nilishindwa kumlisha."

"Sasa mimi nitawaonyesha nini?"

Mzee hakuacha kushona. "Waonyeshe kuku."

Wakaguzi walikuta nyumba nne bila mbwa hata mmoja, na shirika likafunga mgao wa mtaa mzima. Haikupita wiki, paka waliolelewa ndani walikuwa wakipigania mifupa jaani. Mama Mayai bado anauza mayai. Mimi sinunui.

Funzo

Chakula cha mnyama wa maskini kinamwachia maskini huyo mwenzi wake. Ukikichukua nawe huna shida, umemvunjia nyumba. Nawe uliyecheka kwenye foleni bila kuuliza, umo. Jirani yako akijinyima tonge ili mnyama wake ale, mpeleke kwenye mgao wewe mwenyewe, usimame kando yake, useme kwa sauti: mbwa huyu ni wa huyu.